Kura ya Kumwondoa Kofia

Mimi natengeneza meno ya bandia, na naomba msicheke. Wanaocheka leo ndio watakaoniletea fizi zao kesho. Nafanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Kina sinki, feni inayolalamika kuliko wagonjwa, na meza iliyojaa vinywa vya wagonjwa vilivyonakiliwa kwa plasta. Daktari ananipitishia kazi kwenye kidirisha, anasema "hii ya haraka," anafunga. Wagonjwa siwaoni. Najua nani anasaga meno usingizini na nani anatafunia upande mmoja, lakini tukipishana barabarani hawanijui wala siwajui. Kutwa nzima nimezungukwa na vinywa, na hakuna hata kimoja kinachonisalimia.

Zamani nikirudi nyumbani namkuta mama. Haishi kunung'unika: chai imepoa, pazia mbona limefungwa, umechelewa ulikuwa wapi. Alipofariki nikajiambia sasa nitapumzika. Nikapumzika siku chache, halafu ule ukimya ukaanza kunitafuna. Nikawa nampigia mdogo wangu simu kila saa mpaka nikamchosha. Siku moja akanitumia anwani ya mtandao na ujumbe: "Dada, ingia humu. Wamejaa watu wabishi kama wewe. Mimi niache nifanye kazi."

Humo nilimotumwa ni nchi. Si nchi ya kweli, ni mchezo wa serikali kwenye mtandao, ila wanaoucheza hawana utani nao. Kuna katiba, Bunge, uchaguzi na Rais. Kila raia ana jina la utani na kapicha. Na kuna sheria moja kubwa: hakuna kumwuliza mwenzako anaitwa nani huko nje, anaishi wapi, anafanya nini. Ukitaka kusema yako, sema. Kuuliza ya mtu, marufuku. Nilipoingia nikaisoma katiba yote, nikaanza kuwasahihisha watu kwa vifungu, mpaka wakaona bora wanifanye Spika huenda nikatulia. Wapi! Ndiyo kwanza wakanipa kengele.

Rais wetu aliitwa Kofia, kwa sababu picha yake ilikuwa kofia kuukuu imetundikwa kwenye msumari. Mara ya kwanza nilimpigia kura mimi mwenyewe. Mara ya pili hakuhitaji kura yangu, alishinda kwa kishindo. Hakuwa mtu wa makeke. Kila Alhamisi jioni ilikuwa siku ya maswali. Rais anasimama Bungeni, anaulizwa, na katiba inamtaka ajibu ndani ya wiki, tena ajibu kweli, asipojibu apigiwe kura ya kuondolewa. Kofia hakuwahi kukwepa swali hata siku moja, na hilo lilinifanya nimheshimu.

Basi jioni nikitoka kazini naosha mikono ile plasta iishe kwenye kucha, nakaa kwenye kiti cha mama karibu na dirisha, nafungua Bunge, naita majina.

"Mheshimiwa Kijiko?"

"Nipo, kwa bahati mbaya." Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa upinzani, mdomo wake hauna breki.

"Mheshimiwa Msumeno?"

"Nipo."

"Mheshimiwa Bibi Ndege?"

"Nipo, mwanangu."

Mnaweza kuniona mjinga, lakini yale maneno "nipo" yalikuwa yananishibisha. Nasikia raha kama niko sebuleni na ndugu wamejaa mpaka wengine wamekalia mikeka. Bibi Ndege ndiye nilimpenda zaidi. Nilimsimulia habari za mama, jinsi siku ya mwisho alivyoniomba nifungue pazia nami nikamwambia subiri kidogo. Sikuwahi kumsimulia mtu mwingine. Akanijibu: "Pole mwanangu. Alijua unakuja kulifungua." Nililia siku ile mpaka nikapata kwikwi.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika. Tulikuwa kwenye mjadala mkali. Kijiko anamrarua Rais, anasema ameahidi mengi kwenye kampeni na hajatimiza hata robo. Bibi Ndege anamtetea. Msumeno anaomba mwongozo wa Spika. Bunge limechangamka, nami nimeshika kengele, raha mustarehe. Ghafla, kimya. Si Kofia peke yake, wote. Nikagonga kengele. Nikaita. Hakuna aliyeitikia. Kesho yake Kofia akaja anaomba radhi: "Mheshimiwa Spika, umeme ulikatika kwetu, simu ikazima." Nikamwambia pole. Halafu nikajiuliza, haya, umeme umekatika kwa Kofia. Kijiko naye alikatiwa na nani?

Nikaanza kuangalia vizuri. Nikagundua hawajibu kwa pamoja hata siku moja. Mmoja akimaliza ndipo mwingine anaanza, kwa adabu kabisa. Ala! Kijiko yule, mwenye adabu?

Spika ana haki ya kuitisha kura ya papo hapo. Anagonga kengele, na kitufe cha kura kinakuwa wazi kwa muda wa kengele kulia tu. Mwenye simu moja anaweza kuingia kwa jina moja tu kwa wakati mmoja, basi. Nikaitisha kura ya jambo la kipuuzi, rangi ya bendera. Nikagonga. Kengele ilipokoma, kura ilikuwa moja. Na masikini, kwa jinsi alivyobabaika, alikuwa amepiga kwa jina la Kijiko.

Sikumwambia kitu. Nilingoja Alhamisi. Kazini siku hizo niliharibu seti nzima ya meno ya juu, daktari akanitazama kwenye kidirisha akasema, "Vipi leo?" Nikasema sijambo. Akafunga.

Alhamisi nikaandika: "Swali kwa Mheshimiwa Rais. Ndani ya Bunge hili, wewe ni nani na nani?"

Alikuwa na wiki nzima ya kujibu. Hakuitumia. Maneno yakaja jioni ile ile: "Mheshimiwa Spika, mimi ni wote isipokuwa wewe."

Niliisoma sentensi ile mara mbili. Nikauliza swali la nyongeza, maana kanuni inaruhusu: tangu lini, na kwa nini?

Akajibu bila kupamba. Raia waliondoka mmoja mmoja kabla ya uchaguzi wa pili. Hawakugombana na mtu, walichoka tu, wengine walipata kazi, wengine walipata watoto, hakuna aliyeaga. Akaunti zao zikalala. Na katiba inampa Rais ufunguo wa akaunti zilizolala, azitunze mpaka wenyewe warudi. "Siku moja ulifungua Bunge ukaita majina yote," aliandika, "hakujibu mtu. Ukangoja. Ukaita tena, kuanzia wa kwanza. Mimi nilikuwa nakuona. Ulipofika kwa Bibi Ndege mara ya pili, nikashindwa kuvumilia. Nikaitikia. Baada ya hapo ningekuambiaje?"

Kwa hiyo hata ule uchaguzi alijipigia mwenyewe, kwa majina ya watu walioondoka, kisha akajipinga mwenyewe kwa jina la Kijiko kusudi nipate kazi ya kugonga kengele. Jamani! Mtu anajitukana jioni nzima, anajijibu, anaomba mwongozo, ili mwanamke mmoja asiyemjua apate watu wa kuwaambia "kaa chini."

Leo naliona hivyo. Siku ile niliona jambo moja tu: nilimfungulia moyo Bibi Ndege, na Bibi Ndege hayupo. Habari za pazia la mama nimempa mtu aliyevaa sura ya bibi kizee. Hasira iliyonipanda sijui niielezeje. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Na kifungu nilikuwa nakijua kwa kichwa kwa sababu nilikiandika mimi, nikakipigania mimi: raia akisema kwa kinywa cha mwingine, apigiwe kura, na kura ikipita atafukuzwa moja kwa moja.

Nikampigia mdogo wangu, nikammwagia yote. Alicheka kwanza, kisha akaona sicheki.

"Dada, mko wawili tu humo ndani. Ukimfukuza utabaki na nani?"

"Sheria ni sheria."

"Sheria ya nani? Si mchezo huo! Mpotezee. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya," akasema. "Lakini usinipigie Ijumaa unalia."

Niwaambie ukweli wa moyoni. Sikutaka aondoke. Nilitaka asimamishwe mbele ya kiti changu, aone aibu, apige kura ya hapana kama binadamu yeyote angefanya, kisha nimseme mpaka nichoke na tuendelee na maisha. Hesabu zangu zilikuwa hizo. Spika hapigi kura ila zikifungana, na Rais ni mbunge kama wengine, kwa hiyo mpigakura alikuwa mmoja, yeye mwenyewe. Nani anajifukuza kwao?

Alhamisi, jioni ya kura, alikuwa amezilaza akaunti zote. Nikaita majina kama kawaida, maana siwezi kufungua Bunge bila kuita. Kijiko, kimya. Msumeno, kimya. Bibi Ndege, hapo vidole viligoma kidogo, kimya. Kofia.

"Nipo."

Nikasoma hoja. Nikampa nafasi ya kujitetea, akasema hana utetezi, alichofanya amefanya, na kwamba kifungu kile ni kizuri. Nikagonga kengele kufungua kura. Nilikuwa nimeshaandaa matusi yangu ya heshima, yamejipanga. Ubao ukaandika: Ndiyo, moja. Hapana, hakuna.

Amejipigia ndiyo.

Na hapo hapo, chini ya ubao, akaandika: "Mheshimiwa Spika, kabla hujatangaza matokeo, naomba kusema jambo."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninaporudi kila siku ninapong'arisha meno ya watu. Kanuni inasema kura ikishapigwa hakuna mjadala mpaka Spika atangaze. Nimewakatia watu kauli kwa kanuni hiyo mara sijui ngapi. Nimemkatia Kijiko, nimemkatia Msumeno, wote hao wakiwa yeye. Mkono ulishazoea. Sikufikiri hata kidogo. Niliandika:

"Mheshimiwa, kura imeshapigwa. Kaa chini."

Akaandika: "Sawa, Mheshimiwa."

Nikagonga kengele, nikatangaza.

Mtambo hauna huruma, hapo hapo ile kofia ikatoweka msumarini. Ndipo akili ikanirudi. Nikaandika haraka haraka, herufi zinagongana: Kofia, ulitaka kusema nini? Kofia, huko nje unaitwa nani? Nikatuma. Ikarudi. Mpokeaji hayupo. Nikatuma tena. Mpokeaji hayupo. Miaka yote tuliyokaa humo sikumwuliza jina lake kwa sababu ni marufuku, na siku sheria ilipoacha kunizuia, kwa kuwa yeye si raia tena, mlango nilikuwa nimeshaufunga mwenyewe kwa mkono wangu. Ni hivyo hivyo nilivyomwambia mama asubiri kidogo.

Sikumpigia mdogo wangu Ijumaa. Nililia bila simu.

Rais akiondolewa, Spika anakaimu. Kwa hiyo sasa Rais ni mimi. Kazi yangu ya kwanza Ikulu ilikuwa kutoa msamaha. Niliuandika vizuri, kwa vifungu: raia Kofia amesamehewa, arudi wakati wowote, kiti chake kipo. Nikaubandika kwenye ubao wa matangazo. Halafu nikakumbuka kwamba ubao uko ndani, na aliyefukuzwa hawezi kuingia hata kusoma. Bado nimeuacha hapo hapo. Sijui niupeleke wapi.

Kazini juzi daktari alifungua kidirisha, akasema, "Hii ya haraka." Nikamwambia, "Habari za asubuhi, daktari. Mimi ni mzima, mama yangu alifariki, wewe je?" Akashtuka mpaka akadondosha kile kinywa cha plasta. Akasema, "Pole, sikujua." Akakiokota, kisha mgonjwa akaitwa, akaondoka. Kidirisha alisahau kukifunga. Niliwasikia watu wakikohoa kule mbele asubuhi nzima.

Jioni bado nafungua Bunge. Ufunguo wa akaunti zilizolala ninao sasa. Siku moja, nisiwafiche, nilifika mpaka kwa Bibi Ndege, kidole kikakaa juu ya jina lake. Ningeweza kujiitikia, "Nipo, mwanangu." Nikaona kumbe hivi ndivyo alivyokuwa, kila jioni, upande wa pili, akiniangalia nikingoja. Niliondoa kidole.

Na Alhamisi ikafika, siku ya maswali. Spika akafungua kikao, Spika mimi. Akaita majina, hakujibu mtu mpaka nilipofika kwangu. Kisha akamsimamisha Kaimu Rais, mimi vilevile, akamwuliza swali moja la msingi: Kofia alitaka kusema nini? Katiba iko wazi. Rais lazima ajibu ndani ya wiki, tena ajibu kweli, asipojibu apigiwe kura.

Wiki ikaisha, Rais hakujibu. Nikamwongezea wiki nyingine, jambo ambalo kwa Kofia nisingelifanya hata kwa dawa.