Alfajiri ya Fundi Zahoro

Shangazi yangu Waridi alipotoka eda alikuwa na mambo mawili kichwani: kuuza chai na kumnyonga Fundi Zahoro. Chai aliifikiria mwenyewe. Hilo la Zahoro lilimjia taratibu, kadiri alivyomtazama mtu huyo akipanda na kushuka ngazi bila ukuta kwisha.

Chumba cha mbele cha nyumba tuliyokaa, pale Mtaa wa Sikukuu, ndicho alichotaka kukifanya mkahawa. Watu wote wanaokwenda sokoni asubuhi hupita mlangoni. Kasoro ni moja tu. Marehemu mumewe, Sheikhan, aliugua humo, akafia humo na akaoshwa humo. Mtaa mzima ulikuja mazikoni, na mtaa wetu haukujaliwa kusahau. Ukimwambia jirani, "Karibu ndani, chai ipo," atakujibu, "Nimekwisha kunywa, mwanangu," na tumbo lake linanguruma mpaka unalisikia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana Hashil, kaka wa marehemu, mwenye duka la nguo. Alikuja akasimama kizingitini, naye pia hakuingia.

"Waridi, shemeji yangu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Ijumaa watu wakitoka msikitini nitapita hapa. Nikikuta wateja, chumba chako. Nikikuta nzi, namkabidhi yule bwana wa mafuta ya taa aweke madebe yake, na wewe utakwenda Bagamoyo ukakae na wake zangu."

Kukaa na wake za Hashil maana yake ni kuwapikia wake za Hashil. Hilo shangazi alilijua, na wake za Hashil walilijua zaidi.

Ndipo akaitwa Zahoro. Chumba kibadilishwe sura, mtu akiingia aone kitu kipya, asikumbuke jeneza. Zahoro ndiye aliyekuwa akichora bendera za vikundi vya ngoma ya beni: majenerali, mapanga, simba wenye masharubu. Tulidhani atamaliza kwa siku moja.

"Bendera nimeacha, Bi Waridi," alisema, akiugusa ukuta kama mganga anayepima homa. "Mimi sasa nachora mwanzo. Umenielewa? Mwanzo!"

"Chora unachotaka, Fundi, mradi uchore."

Akachora jua linachomoza. Zuri kweli. Majirani wakachungulia dirishani, mmoja akatia na kichwa. Asubuhi yake tukaamka tukakuta ukuta mweupe, na Zahoro ana ndoo ya chokaa mkononi.

"Jua liko wapi?" shangazi aliuliza.

"Lilikuwa linazama."

"Ulisema linachomoza!"

"Ndivyo nilivyotaka. Usiku nimelifikiria, nikaona linazama."

Akachora mkomamanga unaochipua. Akaupaka chokaa: eti majani yake yalikuwa na huzuni. Mimi nilikuwa likizo ya shule, kazi yangu kushika ngazi, na naapa sijapata kuona jani lenye huzuni. Nilichokiona ni shangazi akihesabu vijiko vya manjano vilivyobaki jikoni, maana rangi za Zahoro zote zilitoka kwetu: masizi ya chini ya sufuria, bluu ya kufulia, na manjano ya mchuzi. Tena alikataza jiko lisiwashwe, moshi usije ukachafua mwanzo wake.

"Fundi," nikamwambia, "mwanzo wako huu una mwisho?"

"Wewe Seifu shule imekuharibu."

Alhamisi akachora jogoo. Hapo, nisiseme uongo, hata mimi nilisahau kushika ngazi. Jogoo mkubwa, shingo kaitupa juu, anawika. Ukimtazama unajikuta umeamka mara ya pili. Shangazi akasimama katikati ya chumba, kanga mdomoni, kisha akasema polepole, "Huyu asiguswe." Akaificha ndoo ya chokaa chini ya kitanda chake.

Ijumaa asubuhi tukawasha jiko. Bwana Hashil akapita kabla ya wakati, akielekea dukani, akachungulia.

"Astaghfirullah! Waridi! Kiumbe chenye roho ukutani? Malaika wataingiaje?"

"Shemeji, hata majirani hawaingii. Malaika nao kumbe walikuwa njiani?"

"Mtoe."

Tukajadiliana naye, akabembelezwa, mwisho akakubali jambo linalojulikana na kila mtu: picha ikipigwa mstari shingoni, kichwa kikatengana na mwili, si kiumbe tena. Basi apigwe mstari. Akaondoka.

Zahoro akakaa chini akashika kichwa. "Nimkate jogoo wangu? Anayewika?"

"Mkate," shangazi alisema, "au nianze na wewe."

Ndoo ikatolewa chini ya kitanda. Zahoro akapaka ukanda mwembamba wa chokaa shingoni. Lakini kwa kuwa moyo ulimuuma kuona jogoo ana bandeji, akachovya brashi kwenye manjano, ampitishie juu yake kitu mfano wa mkufu wa dhahabu. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Manjano na chokaa mbichi, kila mama anajua zikikutana zinafanya nini. Mbele ya macho yetu mkufu ule ukaiva, ukawa mwekundu, na kwa sababu alichovya nyingi, ukaanza kutiririka hadi kifuani.

Tukatazamana. Aliyekuwa akiwika alikuwa amechinjwa, na amechinjwa vizuri.

"Nipe hiyo ndoo," Zahoro akasema kwa sauti ndogo. "Nafuta. Naanza upya."

"Gusa uone!"

Wakiwa bado wanaivuta ndoo, hamali mmoja akasimama mlangoni, jasho linamtoka. Huyu si wa mtaa wetu, hakumjua Sheikhan wala kitanda chake. Akautazama ukuta.

"Mama, kuku tayari?"

"Kuku gani?"

"Huyo hapo. Halali naona, shingo iko wazi." Akaingia, akaketi juu ya jamvi, pale pale alipofia marehemu. "Nasubiri. Nipe chai kwanza."

Dirishani jirani yetu Bi Sitara akamwona. Nikamwona akisubiri hamali afe. Hamali hakufa, aliomba andazi. Mara Bi Sitara akamtuma mumewe aje kuuliza kama kuku ni wa kukaanga au wa mchuzi. Mume akaja, na mwenzake, na mwenzake wa mwenzake. Kila mmoja anaingia akiuliza kuku, akiambiwa hakuna anakasirika, akikasirika anakaa ili agombe vizuri, na akikaa shangazi anamwekea kikombe mbele.

"Mnachora kuku hamna kuku? Huu ni uhuni!"

"Jamani, hii ni alfajiri!" Zahoro alipiga kelele. "Ni mwanzo mpya! Jogoo anaamsha ulimwengu!"

"Sawa, Fundi, tumekuelewa. Sasa paja lake tunalipata saa ngapi?"

Bwana Hashil alipotoka msikitini alilazimika kusukuma bega la mtu ili apite. Akautazama ukuta, akaridhika na shingo. Akawatazama watu. Akatafuta pa kukaa, akakosa, akabaki wima na kikombe, ameingia chumbani kwa ndugu yake mara ya kwanza tangu mazishi.

"Yule wa mafuta ya taa nitamwambia atafute kwingine," alisema. Kisha akainama. "Ila Waridi, watu wanalalamika. Kuku vipi?"

Shangazi aliweka birika chini. Alitoka uani, nikamfuata, nikidhani amekwenda kulia. Alikuwa amesimama mbele ya karai, mkono kiunoni.

"Mandazi yanaungua na wewe umesimama mlangoni unacheka! Geuza! Halafu kamshushe yule mwendawazimu kwenye ngazi, anataka kumchorea jogoo mwenzake."