Mukafaa

Jumapili, tarehe 12 Januari 2025. Asubuhi hiyo Riyadh ilikuwa na baridi kavu ya kupasua midomo, na vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya majengo ya Olaya. Elphas alisimama kwenye mlango wa jengo la ofisi akiwa amevaa sare ya mlinzi isiyo yake. Suruali ilimwishia juu ya vifundo. Kofia aliivuta hadi kwenye nyusi, kwa sababu juu ya kichwa chake, kwenye ukuta huohuo, palikuwa na picha yake mwenyewe yenye urefu wa ghorofa tatu, akikata utepe wa mwisho wa mbio. Chini ya picha palikuwa na jina la chuo na maneno ya kuwaita wanafunzi wapya.

Sare ilikuwa ya Protus. Wote wawili walitoka kijiji kimoja, upande wa Kimilili, na shuleni Protus alikuwa mtu wa kumaliza mbio viti vimeshakusanywa. Sasa Protus alilinda mlango huu, na kila mwisho wa mwezi pesa zake zilipoingia, nyumbani kwao walilitaja jina lake. Elphas alikuwa bingwa wa mbio za vyuo. Alipewa kitanda, chakula, masomo na viatu. Mazoezi yalimtoa darasani mara nyingi kuliko alivyoingia, na zawadi za ushindi wake zilipokelewa na chuo. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini humo, ilisema ni mwanafunzi, na mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi.

Labda angevumilia, kama si ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake. Mama alieleza kwamba kwa kina Protus wameezeka mabati mapya, mekundu, na kwamba mvua isiyo ya msimu ilipomtoa kitandani alikwenda kujikinga huko, wakampa chai. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Elphas mwanangu, wanasema picha yako imebandikwa barabarani huko Arabuni. Kwani picha hailipwi?"

Tangu hapo, kila alipopiga magoti alimwomba Mungu amwondolee wivu. Lakini maombi yakifika katikati, alijikuta akimweleza Mungu rangi ya mabati ya Protus.

Alijaribu njia iliyonyooka. Wanafunzi wenyeji hupata posho ya kila mwezi, wao huiita mukafaa, hata wasiokimbia wala kuruka. Elphas alimwomba Ruqayya, karani wa ofisi ya michezo na mtu wa Unguja, amfikishie mudiri, mkuu wa ofisi hiyo, ombi lake la mukafaa. Jibu halikuja. Ndipo akamwendea Protus, akamwomba amwachie shifti yake, siku moja tu.

Protus alicheka mpaka akakaa chini. "Bingwa mzima unataka kusimama mlangoni? Bro, mimi naota nilale mchana kama wewe, halafu wewe unaonea wivu miguu yangu iliyofura?"

Hata hivyo alimpa sare, akamwambia malipo ya siku hiyo yote ni yake, asimrudishie hata riyali. Ukarimu huo ulimchoma Elphas kuliko kicheko.

Kabla ya adhuhuri vijana watatu walisimama mbele yake. Walitazama juu, wakamtazama yeye, wakatazama juu tena. Hawakuwa na ubaya. Walimwita bingwa, wakainua simu, wakamwomba atabasamu. Akatabasamu.

Kesho yake simu ililia. Katibu wa mudiri alizungumza Kiarabu cha haraka, na Elphas alidaka maneno machache: mudiri, ofisini, mukafaa. Alimshukuru katibu mara kadhaa, akapiga magoti kando ya kitanda na kumshukuru Mungu. Kisha akamtumia mama sauti: wamekubali, amwite fundi aje kupima nyumba. Alivaa koti la timu na kwenda.

Ruqayya hakumtazama usoni. "Kaka'angu Elphas, umesikia vibaya," alisema taratibu. "Hukuitiwa mukafaa. Ni mukhalafa. Umevunja sheria."

Mudiri, mtu mpole mwenye sauti ya mzazi, aligeuza simu yake ili Elphas ajione akitabasamu. Alisema chuo kikimlipa, Elphas atakuwa mfanyakazi, na mfanyakazi hakimbii mbio za wanafunzi. Alichopewa ni hiba, na hiba haina bei. Elphas alimwomba Ruqayya aulize: ile picha ukutani, inasoma au inafanya kazi? Ruqayya akatafsiri kitu kifupi kuliko alichoambiwa.

Mudiri aliendelea kwa upole. Mwanafunzi aliyevunja sheria kwa hiari yake hurudishwa kwao wiki hiyohiyo. Lakini kijana aliyeshawishiwa na mtu mwingine husamehewa, na mbio za Jeddah zilikuwa karibu.

"Anauliza," Ruqayya alisema, "yule mlinzi ndiye aliyekushawishi?"

Elphas aliona mabati mekundu. Alimwona mama yake chini ya mabati hayo, ameshika kikombe cha watu.

"Ndiye," alisema.

Kabla ya Elphas kufika Jeddah, kafili, mwajiri aliyemdhamini Protus, alikuwa ameshamfutia ikama na kumpandisha ndege.

Siku ya mbio, Wakenya walijaa nyuma ya uzio. Lois, dada yake Protus, alikuwa ameomba ruhusa kwa madam wake, aliyemfanyia kazi za ndani hapo Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ili aje kumshangilia mtoto wa kwao. Alikuwa na chapati ndani ya kitambaa. Alizipitisha kwa Elphas kwenye upenyo wa uzio, bila kuuachia mkono wake.

"Wanasema Protus ndiye alikuponza. Ndugu yangu hana hiyo tabia, Elphas. Ni nani alisema hivyo?"

Kipaza sauti kililiita jina lake.

Jukwaani, mbele ya kamera na wazazi wa wanafunzi wapya, mudiri alimkumbatia. Alisoma kiapo cha wanamichezo kwa Kiarabu, sentensi kwa sentensi, na Elphas akafuatisha maneno asiyoyaelewa. Watu walipiga makofi. Lois naye alipiga. Kisha mudiri akaonyesha uzio, akasema ndugu zake wa Kenya nao wana haki ya kusikia. Ruqayya alisogea karibu na sikio la Elphas, akaanza kumtafsiria kwa kunong'ona, na Elphas akawa anatamka kwa sauti kila alichopewa:

"Mimi Elphas, mwanafunzi, naahidi mbele yenu kwamba nitakimbia kwa heshima ya chuo changu, wala sitadai ujira. Na mtu yeyote atakayenishawishi kuutafuta, nitamtaja, kama nilivyomtaja Protus."