Maji ya Mfereji wa Pamba

Nyevu alikuwa akichuma majani ya maboga ya kitoweo alipoona umanjano umefika tuta la tatu. Jana ulikuwa tuta la pili. Akageuza jani, akatazama chini yake: hakuna wadudu. Akapapasa shina: halikutobolewa na funza.

Farjallah, msimamizi wa shamba la Sheikh Abdurahman, akaja na bakora yake.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, Bwana Farjallah."

"Maboga yako yana ndwele. Yang'oe yote kabla ya adhuhuri. Mzungu mkaguzi wa pamba anakuja kesho, asiione ndwele hii karibu na pamba. Hapa napo tutapanda pamba."

Nyevu alielewa. Mtama wa mwaka ule uliliwa na ndege. Yakitoka maboga, wajukuu wake wanne hawana cha kula.

"Au umeyanyooshea kidole?" Farjallah akatania. "Si mwasema boga changa likinyooshewa kidole huoza?"

"Tangu yachanue nayaonyesha kwa ngumi. Wataka nikuonyeshe nawe?"

Kamaria, jirani yake wa tuta kwa tuta, akaangua kicheko.

Nyevu akapiga magoti, akafukua. Mzizi ukatoka mweusi, unanuka tope. Matuta ya juu, mbali na maji ya mfereji wa pamba, yalikuwa mabichi kabisa.

"Nusa," akamtilia Farjallah mzizi kiganjani. "Si ndwele hii. Yanazama. Mfereji mliochimba kutoa maji kwenye pamba yenu wamwaga maji hapa kwangu."

"Mfereji ni amri, mama."

"Na njaa ya wajukuu wangu ni amri ya nani?"

Kamaria hakungoja kuombwa: akaleta jembe lake, akarudi na kikapu cha samadi ya mbuzi aliyokuwa akiiwekea mihogo yake mwenyewe. Wakaziba mdomo wa mfereji kwa udongo, wakachimba njia mpya ya maji. Wakakata majani yaliyokufa, wakainua udongo kwenye mashina, wakatia samadi.

"Nitamwambia Sheikh!" Farjallah akasema.

"Mwambie. Mzizi huo mpelekee."

Maji yakageuka, yakashuka taratibu, yakatanda kwenye njia ya watu.

"Mama we! Hapo ndipo atakapopita Mzungu kesho!" Farjallah akapiga kelele.

"Basi na avue viatu," Nyevu alisema, akapiga jembe tena.