Neno la Daktari wa Mifugo

Kiingereza cha Bi Amran kilikuwa cha kuhesabu vidoleni, lakini neno "vetting" alilijua kama mtu anavyojua jina la jirani mchokozi. Mara mbili mjukuu wake Sagal alikwenda kuhojiwa ili apate kitambulisho, mara mbili akarudishwa. Kwanza wakasema cheti cha marehemu baba yake kimefifia. Mara ya pili mzee mmoja wa jopo la kuhoji hakuja. Sasa chuo cha ualimu kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa, na asiye na kitambulisho hapokelewi.

Jumatano asubuhi, wakiwa kwenye foleni nje ya ofisi, Bi Amran akauliza, "Hili neno lao hasa maana yake nini?"

Sagal akatoa kamusi yake ya shule mkobani, akasoma, akaguna. "Ayeeyo, bibi yangu, usikasirike."

"Nitakasirika nikitaka. Soma."

"Vet ni daktari wa mifugo. Kule Amerika ni askari mstaafu pia. Hilo la daktari asili yake ni Kilatini, mambo ya wanyama wa kubeba mizigo. Halafu Waingereza wakawa wanasema farasi amefanyiwa vet, yaani amekaguliwa kabla ya mashindano. Mwishowe wakasema hivyo kwa watu."

"Meno pia yanatazamwa?"

Mama mmoja nyuma yao akaangua kicheko. Bi Amran hakucheka. Mbuzi wake alikuwa akiwapeleka sokoni, daktari anawatazama macho na kwato, anaandika kibali, na kabla chai haijapoa wamepita. Mbuzi! Na huyu mtoto, aliyezaliwa Bula Iftin, mtaa huu wa Garissa, na kusomea Bula Iftin, mwezi wa saba huu anazungushwa. Afadhali basi angekaguliwa na daktari mwenyewe!

Ghafla akasimama. "Nishikie zamu," akasema, akaenda nyumbani mbio za kizee. Alirudi na bahasha ya kaki chini ya mtandio.

Ndani walimkuta Bwana Murithi, afisa kutoka Meru, na wazee watatu wa mtaa. Mmoja wao, Noordin, alikuwa amekunywa chai kwa Bi Amran miaka arobaini. Leo alikuwa anatazama meza.

"Jina la babu yako?" Murithi akauliza.

"Rage Bishar," Sagal akajibu.

"Mkazi wa wapi?"

"Hapa hapa Garissa."

"Nani anathibitisha?"

"Huyo hapo!" Bi Amran akadakia. "Noordin, humjui Rage? Si wewe uliyebeba jeneza lake?"

Noordin akakohoa. "Namjua, walaal, dada yangu. Lakini wanataka karatasi."

"Haya. Kitendawili!"

Murithi alikuwa na watoto wanne nyumbani, mdomo ukamtangulia. "Tega."

"Shahidi wangu ana ndevu, hajui kusema, na serikali inamwamini kuliko Noordin."

Wazee wakatazamana. "Simu?" mmoja akajaribu.

"Simu ina ndevu, wewe?"

"Tumeshindwa, mama," Murithi akasema, akitabasamu.

"Basi nipe mji."

"Chukua Meru."

"Meru ni kwenu, kaa nayo. Wajir siitaki, Mandera siitaki. Nipe Garissa."

Tabasamu la Murithi likakatika. Bi Amran akagonga meza.

"Umeshindwa, bwana. Toa mji."

"Chukua Garissa," akasema polepole.

"Nilikwenda Garissa," Bi Amran akaanza, kama inavyompasa aliyepewa mji, "nikamkuta Rage Bishar akichunga, akanioa, nikazaa sita, nikazika watatu. Jibu ni mbuzi."

Akamwaga bahasha mezani. Vibali vya kusafirisha mifugo, vya miaka thelathini na minane, kila kimoja na muhuri wa serikali: mwenye mali Rage Bishar, mkazi wa Garissa. Vya baadaye vilikuwa na jina la Abdihafid Rage, baba yake Sagal.

Murithi akavipekua kimoja kimoja. Kisha akavuta fomu ya Sagal, akagonga muhuri. Msichana akajifunika uso, akalia.

"Alhamdulillahi," akasema Noordin. "Umepata, Amran. Hasira za nini tena?"

"Alhamdulillahi ni ya Mungu, si yenu." Akaweka kidole kwenye mstari wa shahidi, uliokuwa mtupu. "Bwana Murithi, andika hapa: mbuzi. Atakayesoma ajue kwamba watu walikuwepo, wakanyamaza."

Murithi akashika kalamu, asijue aandike au aache. Noordin akanyoosha mkono, akaichukua, akaandika jina lake hapo, herufi kubwa kubwa, jasho likimtoka.

"Kumbe mkono ulikuwa mzima," Bi Amran akasema. Akaokota vibali vyake vyote, asiwaachie hata kimoja.