Majani Matatu kwenye Mkia wa Mshipi

Bwana Morikubo alikuwa mtu wa adabu, na naanza na hilo nisije nikamdhulumu. Siku aliyokuja kwangu mara ya kwanza aliona magoti yananisumbua, akanisogezea mto wake, yeye akakaa kwenye mkeka mtupu. Alikuwa anatengeneza filamu ya mageisha wa Kyoto wa kabla ya vita, wanawake wa kutumbuiza wageni kwa ngoma na nyimbo kama nilivyokuwa mimi.

"Mimi nataka ukweli, Bibi Kikue," alisema. "Hizo filamu nyingine ni vituko. Eti geisha kafunga mshipi mbele, kama malaya wa zamani!"

Tulicheka sana. Nilikuwa na miaka sabini na moja, na sikumbuki lini nilicheka na mwanamume bila kulipwa.

Basi nikamwazima mshipi wangu wa uanafunzi. Kwetu msichana anayejifunza ugeisha huvaa mshipi mrefu unaoning'inia mgongoni mpaka karibu na visigino, na mwishoni mwake hufumwa nembo ya nyumba inayomlea. Yetu ni majani matatu ya mwanzi. Akaniuliza kwa nini nembo iko chini vile. Nami, kwa ujinga wangu, nikamsimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa sikukuu ya Julai, watu wamejaa kutazama magari marefu ya mbao yakivutwa kwa kamba. Ugwe wa mtalawanda wangu, kiatu changu cha mti, ukakatika. Nikainama, na nilipoinuka dada zangu wa nyumba yetu hawapo. Muuza tofu mmoja, ile jibini ya soya, Mzee Kadokura, akanikuta nalia. Akatazama mkia wa mshipi.

"Aa, majani matatu! Wewe wa kwa Hisano. Haya, panda mgongoni. Na usinipake makamasi."

Aliacha ndoo zake za tofu juani kwa ajili yangu. Mama Hisano, mwenye nyumba yetu, alikuwa amesimama mlangoni peku. Alisahau hata kuvaa viatu. Alianza kunifokea: "Mjinga we! Macho uliyaweka wapi?" Kisha akapiga magoti, yeye ambaye hakumpigia mtu magoti nyumbani mle, akaniosha miguu kwa maji ya vuguvugu.

Filamu ilitoka majira ya kuchipua. Nilikwenda kuitazama na Setsu, mjukuu wa Mama Hisano, ambaye ndiye anaendesha nyumba sasa. Msichana anatoroka katikati ya watu. Muuza tofu anaiona nembo, anamkamata nywele, anamburura. Mlangoni kasimama mama mwenye nyumba, peku. Hilo hawakulisahau. Anampiga msichana kwa mtalawanda mpaka damu inatoka, na majani yetu matatu yamejaa ukuta mzima wa sinema. Mwishoni jina langu likapita: wananishukuru kwa kuulinda ukweli.

Setsu alichukua mkono wangu, akautia ndani ya mkono wa kimono yake.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Bwana Morikubo.

"Kwani hakukuwa na nyumba zilizopiga wasichana, Bibi?"

"Ilikuwepo. Ile ya kwenye kona. Nilikuwa namsikia mtoto wa watu analia huku mimi nakula wali wangu, na sikufanya lolote. Ungeniuliza ningekwambia hata jina lake."

"Basi hayo nayo ni kweli."

"Ni kweli ya kule. Wewe umeivisha nguo zetu."

"Mshipi tumeufunga nyuma. Kola sawa, nywele sawa, mdomo wa chini peke yake ndio una rangi. Kila kitu kama ulivyotufundisha. Lakini mtoto anarudishwa kwao anaoshwa miguu... nani atakata tiketi, Bibi yangu?"

"Badilisha nembo tu."

"Filamu iko nchi nzima sasa."

Alinimiminia chai kwa mkono wake, akanirudishia mshipi umekunjwa vizuri, akaniitia teksi.

Julai ikafika. Setsu ana mwanafunzi mmoja tu, Kosuzu, wa miaka kumi na sita, aliyetoka mbali kaskazini na hajaujua mji. Wakapoteana kwenye msongamano wa sikukuu. Tulingoja mchana kutwa, na simu iliyokuja ilikuwa ya polisi.

Tulimkuta kituoni na mama mmoja wa makamo. Kosuzu alikuwa amemwuliza njia ya nyumbani. Yule mama akaiona nembo, akamleta pale. Alikuwa amemnunulia barafu ya sharubati na kumtandikia taulo lake magotini, kimono isiingie doa. Alipotuona akasimama mbele ya mtoto.

"Hamumchukui. Filamu nimeiona."

"Bi mkubwa, huyu ndiye Mama yangu!" Kosuzu akasema, akimwonyesha Setsu; ndivyo wasichana wetu wanavyomwita mwenye nyumba.

"Usiogope, mwanangu. Hapa hakuna anayekulazimisha kusema hivyo."

Ilibidi polisi wampigie simu baba yake Kosuzu, naye alikuwa shambani. Tukangoja saa nzima mpaka apatikane aseme sisi ni nani. Yule mama aliona nasimama kwa taabu, akanisogezea kiti chake bila kunitazama usoni.

Wiki ile Setsu aliniletea mshipi wa Kosuzu. Nembo imefumwa humo humo, haifumuliki, kwa hiyo nikakata kitambaa cheusi nikakishonea juu yake. Kosuzu alikaa karibu yangu akinitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu hayaoni tena tundu.

"Bibi, nikipotea tena?"

"Usipotee," nikamwambia.