Bano Lililofunga Kabla ya Mlimani

Alibonyeza kitufe kimoja, akasikia viwili vikilia. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado cheusi, maana kila asubuhi kilichukua dakika nne kupata joto, na Muthama hakuwa mtu wa kungoja dakika nne. Tak, kidole chake. Tak nyingine, isiyokuwa ya kidole cha mtu.

Kioo kilipowaka aliona mabano mawili. La kufungua lilikuwa lake. La kufunga lilikuwa limekuja lenyewe, limesimama upande wa kulia kama mgeni aliyekuja na kiti chake.

"Vizuri," akasema, akaendelea na kazi.

Ilikuwa Agosti 1995, katika ofisi ya mradi wa maji, chumba cha mabati kando ya kisima cha pampu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kathonzweni. Kompyuta ilikuwa imeletwa na wafadhili, na jenereta iliyovuta maji ndiyo iliyoiwasha. Muthama alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alijifundisha kuandika programu kwa kitabu kilichokosa kurasa kumi na mbili za mwanzo, na aliamini kwamba kurasa hizo ziliandikwa kwa ajili ya wajinga.

Kazi aliyopewa ilikuwa zamu za maji. Vikundi vinne vya mwethya, watu wanaochimba pamoja bila malipo, vilikuwa vimechimba mtaro wa bomba kilomita tisa kwa miaka minne: Kisimani, Sokoni, Kanisani na Mlimani. Mlimani ndiko alikozaliwa Muthama. Mama yake, Syombua, aliongoza kikundi cha huko, na kidole chake cha kati hakikukunjika tena tangu walipopasua mwamba ulio chini ya mlima. Programu ilitaka majina yote manne yawe ndani ya mabano. Aliye ndani anapata maji. Hakuna zaidi.

Aliandika KISIMANI, akaweka mkato. SOKONI, mkato. KANISANI, mkato. Kwa kila herufi, bano la kufunga lilisogea kumpisha, kwa adabu. Alipoanza MLIMANI halikusogea. Herufi ziliruka moja moja zikaangukia ng'ambo, kama mbuzi wanaoruka ua.

Akalifuta. Likarudi. Akalifuta mara kumi na nne, akasimama, akazunguka meza, akakaa, akalifuta tena.

Hassan, fundi wa pampu, aliingia na kopo la mafuta. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui mjini, na Hassan alipenda kuwakumbusha watu jambo hilo.

"Mwalimu," akasema, kwa jina la utani alilompa, "leo unapigana na nani?"

"Hii bano. Inafunga kabla sijamaliza."

"Si ndiyo kazi yake, kufunga?"

"Kazi yake ni kufunga nikimaliza mimi!"

Hassan alikitazama kioo, akajikuna shingo. "Kwetu Kitui, duka likifungwa na wewe uko nje, hupigani na komeo. Unamwita mwenye duka."

"Hii haina mwenyewe."

"Haya. Pigana na komeo. Mimi naenda kufungua koki."

Saa nne alifungua koki zote nne, ya Mlimani pia, kwa kuwa alikuwa rafiki wa Muthama. Maji yalifika Kisimani, Sokoni, Kanisani. Kisha yakaanza kupanda, na watu wa Mlimani waliokuwa wamelaza masikio juu ya bomba waliyasikia yakija. Yalipofika kwenye mwamba yalipinda nusu duara ndani ya bomba lililonyooka, yakarudi yalikotoka. Syombua akaamuru wafukue. Bomba lilikuwa zima. Kwenye mchanga palikuwa na alama ya unyevu iliyopinda, wazi kabisa.

"Yamegeukia hapa," Syombua akasema.

Wakafukia, wakachukua punda, wakaenda kisimani kama walivyokwenda tangu zamani.

Muthama hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alishuka ofisini mapema akitembea kama anayefukuzwa. Mashine yenye heshima, alijiambia, ikikuletea bano la kufunga, kisha wewe ukaandika lako, lake linapisha, linabaki moja. Akaandika lake. Mashine ikaweka yote mawili, bega kwa bega. Siku hiyo punda wa Mlimani walitembea hadi karibu na mti ulio langoni pa kisima, wakapinda wote kwa pamoja, wakarudi nyumbani na madebe matupu. Wenye punda waliwafuata, maana punda akigeuka kazi imekwisha. Kabla ya jua kupanda juu zaidi, Muthama akalifuta lile la pili, na punda wakageuka tena, safari hii kuelekea kisimani.

Ukifuta bano la kufungua, alijiambia, na la kufunga liondoke, maana halina tena cha kufunga. Akalifuta la kufungua. La kufunga likabaki peke yake, halina mbele wala nyuma, limefunga hivyo hivyo.

Siku ya tatu hasira ilimpa akili. Akaandika upya, akaanza na Mlimani. Alipofungua tu, bano likajifunga papo hapo, tupu, na majina yote manne yakaangukia nje.

Akacheka kwa sauti. Akachapisha karatasi ya zamu, akampa Hassan.

Pampu ilinguruma siku nzima na hakuna bomba lililotoa tone. Hassan alipanda ngazi ya tangi, akachungulia, akashuka.

"Yanazunguka humo ndani," akasema. "Yanazunguka tu. Mwalimu, Sokoni watakula nyama yako."

"Wacha wale. Sasa tuko sawa wote."

Siku ya pili ya ukavu huo alikuja Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa komiti na mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kupandisha sauti. Alivua kofia, akaketi.

"Kijana, rudisha ilivyokuwa."

"Nitarudisha Mlimani ikiingia."

"Mlimani iko kwa mpango wa pili."

"Mpango wa pili unaanza lini?"

"Ukiisha wa kwanza."

"Na wa kwanza unaisha lini, mzee?"

Kilonzo alifikiri kwa uaminifu. "Hiyo haikuandikwa."

Alitoa mfukoni mwa koti daftari la mikutano ya komiti, akafungua ukurasa wa Machi 1990, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Kwa wino wa bluu mtu alikuwa amefungua bano, akaandika majina matatu, akafunga. Nje ya bano aliandika: Mlimani, watasaidia kuchimba. Mpindo wa bano ulikuwa ule ule wa kwenye kioo, na ule ule wa kwenye mchanga. Chini palikuwa na sahihi saba, na kila aliyetia sahihi alikuwa na boma lake ndani ya bano.

"Mashine haina makosa," Kilonzo akasema. "Siku ya kuizindua niliisomea ukurasa huu, baada ya sala. Imeshika vizuri kuliko wengi."

"Watu wamechimba miaka minne!"

"Na tuliwashukuru. Hiyo imeandikwa, ukurasa wa arobaini."

Akavaa kofia yake, akaenda.

Muthama alikuwa bado amesimama, akigonga meza kwa vidole, Syombua alipoingia. Hakuwa amewahi kuingia ofisini humo. Aliliangalia bano tupu kwenye kioo kama mtu anayeangalia sufuria ya jirani.

"Mwaitu," Muthama akamwambia, kwa jina wanalomwita mama huko kwao, "ulijua? Kwamba tulifungiwa nje kabla ya kuchimba?"

"Tulisomewa. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele."

"Na mkachimba!"

"Tulichimba. Tulidhani mtu akikuona miaka minne ndani ya mtaro mmoja na yeye, ataona aibu kufunga." Alifuta vumbi kwenye kiti kwa upande wa leso, lakini hakuketi. "Rudisha maji, Muthama."

"Sirudishi! Wacha wajue kiu ni nini."

"Wanaojua ni kina nani? Kilonzo ana tangi lake la mvua. Jana Muthoki wa Sokoni amejifungua. Mtoto amepanguswa kwa kitambaa kikavu, mimi ndiye nilikuwa nimemshika. Huyo alitia sahihi wapi?"

Muthama alitembea hadi dirishani. Akarudi. Akaenda tena. Nje, wanawake wa Sokoni na wa Mlimani walikuwa wamepanga madebe katika mstari mmoja chini ya tangi.

Akaketi. Akafungua bano, akaandika majina matatu, Kisimani, Sokoni, Kanisani, na bano likampisha kwa adabu ile ile. La nne aliliandika pia, ingawa alijua litaangukia wapi. Liliangukia huko. Hassan alipofungua koki, mabomba matatu yalikohoa vumbi, kisha yakatoa maji. Kwenye mwamba maji yalipinda, yakarudi. Mlimani walianza kupakia punda.

Baadaye watu walizoea. Waliotaka kuwaonyesha wageni mahali maji yanapogeukia waliweka mawe meupe juu yake, nusu duara. Komiti ilikutana Januari na kumshukuru Mungu kwa mafanikio ya mpango wa kwanza.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Mchana ule Syombua alifunga madebe yake kwa kamba, akimenyana na fundo kwa sababu ya kile kidole, akamgonga punda kiunoni, akaanza kupanda. Muthama alitoka mbio, akampita, akasimama mbele yake katikati ya njia huku kifua kikimpanda na kushuka.

"Mwaitu, ngoja. Nitatengeneza programu yangu mwenyewe ya kuandikia, hata ikinichukua miaka kumi. Nikifungua bano, litabaki wazi. Mashine itanyamaza, Kilonzo atanyamaza, hata mimi nitanyamaza, mpaka nikuulize wewe kama kuna mtu amebaki nje, na wewe uniambie hakuna."