Rekodi Mbili za Mwalimu Beatus

Siku tatu kabla ya Pentekoste nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Beatus, Mlabani, kumwomba arudi kwenye kinanda. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na alishasema hapigi tena. Kama angekataa na siku hiyo, kwaya yetu ingeimba kwa muziki uliorekodiwa kwenye flashi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Herieth. Kama wanakwaya wamekutuma, geuza.”

“Nimeleta muziki tu.”

Mkewe, Mama Justa, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. “Mwache aweke. Umenuna mpaka kuku wamehamia kwa jirani.”

Niliunganisha simu na sabufa yao. Ilikuwa konseto, utunzi wa piano na okestra, iliyotungwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwalimu ndiye aliyenisikilizisha nikiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo naamini dunia ni kubwa na njema. Nilikuwa na rekodi mbili za mpigaji yuleyule: moja ya ujana wake, nyingine ya jukwaani, akiwa na miaka themanini na moja.

Katika ya kwanza vidole vilishuka kama mvua ya masika juu ya bati. Mwalimu alihesabu mapigo kwa kidole cha kushoto, amekunja uso.

“Huyu anawahi basi la Kiberege,” alisema Mama Justa.

Nikaweka ya pili, sehemu ya katikati, ile ya polepole. Nyuma ya piano tulisikia pumzi za yule mpigaji mzee. Muziki ulipopanda, mkono wake ulichelewa. Noti moja haikulia. Okestra nzima, watu kama themanini, ikashikilia sauti yake na kumngoja mpaka akaifikia.

Mama Justa aliacha mchele. Mimi nilisisimka, ingawa nilishaisikiliza mara kumi.

“Rudisha,” alisema Mwalimu.

Nikarudisha. Alifumba macho.

“Kwenye ile ya kwanza yuko mbele yao,” alisema taratibu. “Hapa wako naye.”

Alifumbua macho, akanitazama.

“Hao waimbaji wako wa soprano wanaweza kungoja hivyo? Wanakimbia kama ng’ombe walioona maji.”

“Tutajifunza, Mwalimu.”

Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, akauweka mezani. Kidole kimoja kikabonyeza ubao. Kisha, baada ya muda, cha pili.

“Waambie mazoezi ni saa kumi,” alisema. “Na mtu asije na flashi.”